Watoto wa Rakuni Darini

Msitu mdogo nyuma ya nyumba ya Birindwa na mkewe Nabintu, huko Okolona, mjini Louisville, Amerika, ulikatwa wakati wa baridi ili ghala jipya lijengwe. Ilipofika Aprili wakaanza kusikia vishindo darini. Birindwa akamwomba mwenye nyumba, Patricia, alete mtegaji.

Nabintu alikuwa kazini, akiwaogesha wazee, rakuni jike, mnyama wa porini aliyezidi paka kidogo kwa ukubwa, aliponaswa. Birindwa alimtazama yule mnyama kupitia nyavu za mtego.

"Kwa nini anakuja kukaa na watu?"

"Alikuwa na tundu lake kwenye mti," mtegaji akamjibu. "Mti ukiondoka, anahamia popote. Bomba la moshi, mtaro, dari. Hachagui."

Kesho yake mchana Nabintu alisikia sauti nyembamba juu ya jiko. Akaweka mwiko chini, akamwita mumewe.

"Baba, kule juu kuko batoto."

Birindwa alipiga simu. Mtegaji akasema rakuni yule ameshauawa. Aliomba radhi, hakukagua dari vizuri.

Birindwa akapanda ngazi, akawatoa watatu, macho hayajafumbuka. Wawili walikuwa wamekufa. Wa tatu Nabintu alimfunga kwenye kitenge, akamkumbatia kifuani. Mwanamke mmoja anayelea wanyama wa porini aliwaambia kwa simu wasimpe maziwa, wampe joto tu na wamlete upesi. Birindwa akaendesha gari. Hawajafika mbali, Nabintu akasema, "Simama."

Birindwa alisimamisha gari kando ya barabara, akanyoosha mkono akakigusa kitenge. Ndani yake palikuwa baridi.

Mtoto wao wa kwanza alifia mgongoni mwa Nabintu walipokuwa wanakimbia vita kule kwao Kalehe, mvua ikiwanyeshea. Walimzika njiani, wakaendelea kutembea. Walipofika kambini Uganda, Birindwa alikataza jina lake lisitajwe tena. Alisema bila hivyo hawataweza kuishi. Nabintu alitii, akatii hata baada ya kufika Louisville.

"Ni mimi niliita yule mutu," Birindwa alisema. "Sikuuliza kama iko na batoto."

"Hukuyua."

Mkono wa Birindwa bado ulikuwa kwenye kitenge.

"Elisée naye alikuwa baridi hivi."

Nabintu akageuza uso dirishani. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Bon, Mama Elisée," akasema mumewe taratibu, "turudi tumuzike."

Katika Amerika yote hapakuwa na mtu mwingine aliyemjua kwa jina hilo. Nabintu alilia kwa sauti mpaka wakafika nyumbani, na Birindwa hakumnyamazisha.