Mapafu Yaliyojazwa Mafuta

Bonde zima la At-Bashy hapakuwa na wa kumshinda Bibi Burulkan kwa kujaza mapafu ya kondoo. Kila mgeni alipochinjiwa kondoo, yeye ndiye aliyeitwa kumimina maziwa na samli kooni mwa pafu mpaka livimbe jeupe, lichemshwe, wageni wajilambe vidole. Kwa hiyo, hospitalini, alipomwona Daktari Aizirek akielekeza bomba la kitu cheupe kooni mwa mjukuu wake, aliyezaliwa alfajiri ile miezi miwili kabla ya wakati, alimdaka mkono.

"Weka chini! Mapafu hujazwa ya mnyama aliyekwisha kufa!"

"Bibi, haya ni mafuta. Yametoka kwenye mapafu ya ndama."

"Kama ni mafuta, samli yangu hii hapa. Nimekuja nayo nimlambishe, kama tunavyomfanyia kila mtoto akizaliwa."

"Hiyo itamuua. Mama yake hajazinduka, ruhusa ni yako. Ngoja ngoja huumiza matumbo, Bibi."

"Sasa ya ndama yana nini?"

"Kila chembe ina kichwa na mikia miwili. Kichwa kinapenda maji, mikia inayakimbia. Ndani ya pafu mna unyevu, basi zinajipanga juu yake, vichwa chini, mikia juu hewani, na vifuko vya pumzi havigandamani. Mtoto hujitengenezea mwenyewe mwishoni mwa mimba. Huyu amewahi mno."

"Mikia miwili! Na kondoo wangu anavyoringa na mmoja!"

Lakini hakucheka. Kugandamana alikujua, utumbo mbichi uliooshwa ulimsumbua kila mara kuubandua. Mbavu za mtoto zilikuwa zikizama kwa kila pumzi, midomo imeingia ubuluu. Miaka arobaini Burulkan alikuwa akijaza mapafu, na hakuwahi kujiuliza ni nini kilichoyafungua kondoo alipokuwa hai. Aliogopa sana. Akauachia mkono.

"Mimina, mwanangu. Haraka haraka haina baraka, pafu hupasuka."

"Najua, Bibi."

Cheupe kile kikashuka tone kwa tone. Walisubiri. Midomo ikaanza kupata rangi, kama aibu ya bibi harusi, na Burulkan akaegemea ukuta huku akimtaja Mungu, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

Mapafu mangapi yalivimba mikononi mwake, na yote yalibaki vivyo hivyo mpaka chunguni. Haya yalishuka, kisha yakapanda tena yenyewe.