Baridi ya Chumba cha Seva

Kila asubuhi saa moja na nusu, kabla hajajibu salamu ya mtu, Koti alifungua chumba cha seva, akavaa jaketi lake nene na kupita katikati ya makabati ya chuma akiweka kiganja juu ya mashine moja baada ya nyingine. Kisha alisoma kipimajoto cha ukutani na kuandika kwenye daftari: nyuzi kumi na nane. Chini yake alitia sahihi. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na tisa katika ofisi kuu ya shirika la maji, na ni jaketi hilo lililompa jina.

Siku ya kuzima mashine walikuja washauri wawili na orodha. Data zote zilikuwa zimekwisha kuhamia kwenye klaudi, yaani kwenye mashine za watu wengine, mbali huko, ambazo hakuna mfanyakazi wa shirika ambaye angeziona kwa macho. Orodha ilikuwa na mistari mia moja na arobaini. Ilisema nani anazima nini, nani anang'oa waya upi na makabati yanabebwa na gari gani. Hakuna mstari uliosema baridi iende wapi.

Washauri walisema wangeweza kuzima zote kwa mkupuo. Koti akakataa, akasema hizi tumezeeka pamoja. Alizima mashine ishirini na tatu kwa mkono wake, kiganja juu ya kila moja mpaka inyamaze. Viyoyozi navyo vikazimwa, na baridi ya miaka kumi na tisa, ambayo sasa haikuwa na kazi wala mahali, ikamwingia mtu pekee iliyemzoea.

Jioni hiyo chai ilipoa mkononi mwake kabla haijafika mdomoni. Mkewe akamgusa shingo, akaenda kuleta blanketi.

"Umekuja na baridi ya kazini," alisema.

"Hawakuiandika popote."

"Basi usikae karibu na nyanya zangu, zitaganda."

Kipimajoto cha zahanati hakikuweza kushuka kiasi hicho, ikabidi daktari atumie cha kwenye friji ya chanjo. Nyuzi kumi na nane. Akaandika kwenye kadi.

"Hii ni ya kazi, mzee. Nilikuwa na mpiga chapa hapa, alipoachishwa vidole viliendelea kutoa wino miezi minne. Alipopata kazi nyingine vikakauka. Nawe ukipata kazi itatoka." Dawa hakumpa.

Mwezi huohuo binti yake akajifungua mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza. Koti alimpakata kwa pumzi tatu tu, midomo ya mtoto ikabadilika rangi. Binti akamchukua haraka na kumfunika shuka mbili.

"Siyo wewe, baba," alisema. "Ni hicho kitu."

Tangu siku hiyo Koti alimtazama mjukuu wake akiwa amesimama mlangoni. Iliuma kuliko kuzimwa kwa mashine zote ishirini na tatu, na hakujisumbua kuficha kwamba inauma.

Ndiyo maana mafunzo yalipotangazwa alijifunga kibwebwe. Shirika lilisema hakuna atakayeachwa nyuma. Watu wanane wa kitengo cha kompyuta wangesoma wiki kumi, na kila atakayepata cheti angepangiwa nafasi mpya. Mkufunzi alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye kalamu za rangi nne. Siku ya kwanza alitaka kila mmoja aseme anachoogopa. Msimamizi wa nyaya alisema anaogopa nyoka. Wenzake wakacheka, mkufunzi akaandika "nyoka" ubaoni kwa kalamu nyekundu.

Koti alikaa dirishani, kwenye jua, akiandika na glavu ili vitufe visigande. Shida yake ilikuwa moja.

"Samahani, mwalimu. Hii mashine iko wapi?"

"Haiko mahali pamoja. Huna haja ya kujua."

"Sasa nitajuaje kama inaumwa?"

Mkufunzi akamwonyesha mchoro kwenye skrini, mstari unaopanda na kushuka. Koti akauwekea kiganja. Skrini ikapata ukungu, darasa likangoja ikauke.

"Mzoea udalali hawezi duka," msimamizi wa nyaya alimtania.

Wiki ya tano Koti alilia chooni, na machozi yakaangukia sinki yakilia ti, ti. Nyumbani mkewe alimsomea maswali huku akikatakata kitunguu.

"Mashine ikielemewa?"

"Naomba nyingine, inakuja."

"Isipokuja?"

"Inakuja tu. Hizo hazina kisirani."

"Heri zao," alisema mkewe, akafungua ukurasa mwingine.

Wiki ya nane aliweza kuusoma mstari bila kuugusa. Wiki ya kumi alifaulu, wa pili kati ya wanane. Siku ya vyeti alivaa shati jepesi, bila jaketi, kwa matumaini.

Mkuu wa utumishi aliwapongeza na kupiga nao picha. Kisha akaeleza kwamba nafasi zilizosemwa zilikuwa ndani ya mkataba wa kampuni yenye klaudi, uliosainiwa mwaka uliopita. Kazi hizo zilikuwa zikifanywa na watu wa kampuni, kwao huko.

"Sasa sisi tulikuwa tunasomea nini?" aliuliza msimamizi wa nyaya.

"Mabadiliko," alisema mkuu. "Na cheti ni chenu. Hakuna atakayewanyang'anya."

Saba waliondoka kabla ya mchana. Koti alipoinuka, mkuu alimwomba asubiri. Kiyoyozi cha ukumbi wa mikutano kilikuwa kimekufa wiki tatu, na mkuu alikuwa ametambua kwamba upande wa Koti hakuna aliyetoka jasho.

Barua ilifika Ijumaa. Koti amebakishwa. Kwa kuwa nafasi yake haikuwepo tena kwenye orodha ya watumishi, aliingizwa kwenye orodha ya vifaa, kati ya projekta na meza ndefu, na kibandiko cha namba kikabandikwa kwenye jaketi. Anakaa kona ya ukumbi kuanzia saa mbili hadi saa kumi. Wajumbe humsogeza wakiona baridi imezidi.

"Nusu shari kuliko shari kamili," mkewe alisema. Koti alirudi zahanati kuuliza kama baridi itaanza kutoka sasa. Daktari alipima. Nyuzi kumi na nane.

"Hii siyo kazi, mzee," alisema. "Hii ni matumizi."

Alifikiria kuacha. Lakini nyumba nzima ilikula kwa kukaa kwake pale, pamoja na maziwa ya mtoto, na baridi ikimtoka hata kile kiti atanyang'anywa. Hakuona pa kutokea, akaendelea kwenda.

Jumapili moja alasiri mjukuu aliinuka kwenye mkeka na kutembea. Alipiga hatua nne, moja kwa moja kuelekea mlangoni, mikono juu.

Koti akarudi nyuma. Mtoto akaja. Akarudi tena, mpaka uani, mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mshike!" alimwita binti yake. "Mshike, mama, asinifikie."

Binti akakimbia, akamnyanyua. Mtoto alikuwa akicheka kwa nguvu, akidhani ni mchezo. Tangu hapo wanaucheza kila Jumapili.