Kipande cha Kaka Mbaruku

Usiku wa kuamkia leo niliota kompyuta yangu imeitisha kikao. Mimi si mtu wa kuota. Nikilala nalala, ndoto nawaachia wenye nafasi.

Kompyuta yenyewe nimeiunda kwa mikono yangu, hapa nyumbani kwetu Makorora, kwa vipande vya kuokoteza kimoja kimoja. Ina wiki tatu. Na tangu siku ya kwanza inaganda inapojisikia: kishale hakiendi, saa ya kwenye kioo inasimama, ukiipiga kofi unaumia wewe. Nimebadilisha nyaya. Nimefuta kila kitu nikapanga upya. Nimetoa vumbi ambalo halikuwepo. Wapi!

Chumba cha pili iko kompyuta nyingine, ya kaka yangu Mbaruku, aliyefariki mwezi uliopita. Humo mna video ya Idi, dakika tatu, Mbaruku anamtania mama na mama anacheka. Ndiyo sauti yake pekee iliyobaki. Kila asubuhi mama anabonyeza kitufe, mashine inalia pi, pi, pi, kioo kinabaki cheusi. Mimi ndiye fundi wa nyumba, nikamwambia, "Ndiyo hivyo, mama. Imekufa na mwenyewe." Kesho yake akabonyeza tena.

Haya, ndoto. Niko sebuleni, mchana kweupe. Umetandikwa mkeka uleule wa msibani, na vipande vya kompyuta yangu vimekaa juu yake vimekunja miguu. Miguu wameipata wapi, sikuuliza. Katikati imewekwa kofia ya Mbaruku, na hakuna anayeitazama. Mama anammiminia chai pawa saplai, mgawa umeme wa kompyuta, mzee mnene mwenye kikohozi.

Mwenyekiti ni feni. Hatulii hata kidogo.

"Dada Mwantumu," ananiambia, "kanuni ya kutafuta ubovu unaijua?"

"Naijua. Unatoa kimoja, unawasha, unangoja. Ikiganda tena, uliyemtoa hana kosa."

"Basi tutoe."

Pawa saplai anatoka wa kwanza, kwa heshima ya umri. Anavaa kandambili zake mlangoni, anasimama juani. Tunangoja. Ghafla kila kitu kinaganda. Chai inasimama hewani kati ya chupa na kikombe. Nzi anasimama. Mkono wa mama unasimama. Kisha chai inaendelea kushuka na mama anasema, "Karibuni sukari."

"Mzee hana kosa," anasema feni. "Mwingine."

Anatoka prosesa, ubongo wa mashine, huku analalamika kwamba sikumpaka dawa ya joto ya kutosha. Ni kweli, tyubu iliniishia. Tunaganda. Safari hii ni muda mrefu, na chozi la mama limekwama katikati ya shavu. Nina nafasi ya kulitazama vizuri, nafasi ambayo sikuiomba.

Anatoka diski. Tunaganda. Anatoka kioo, anagonga kizingiti, anasema samahani. Tunaganda. Mwisho feni mwenyewe anasimama. "Hata mwenyekiti hupimwa," anasema, anatoka, na chumba kinakuwa na joto la ajabu. Tunaganda vilevile.

Tumebaki mimi na mama. Mama anaweka chupa ya chai chini.

"Nitoe na mimi, Mwantumu. Pengine ubovu ni wangu."

"Mama, wewe si kipande cha kompyuta!"

"Nitoe tu nijue. Yule mtoto nilimzaa mimi."

Anavaa kanga yake, anakwenda kusimama juani na wenzake, na dunia inaganda kama kawaida. Mama naye hana kosa. Sasa nilitaka kulia, lakini nikageuka nikaona sebule haipo. Niko ndani ya kasha la kompyuta, kuta za bati, na kofia ya Mbaruku iko palepale.

Naifunua. Chini yake kimelala kipande cha ramu, ile kumbukumbu ambayo kompyuta haiwaki bila yake, chembamba, cha kijani, mfano wa rula ya shule.

Nakijua. Nilikichomoa mwenyewe kwenye kompyuta ya Mbaruku siku ya tisa ya msiba, wanawake wako uani wanachambua mchele. Kwetu vitu vya marehemu haviguswi mpaka arobaini isomwe, ndipo wazee wagawe, hata kama ni soksi. Mimi nikasema, kipande kidogo hivi nani atakijua? Nikakichomeka kwenye yangu, pembeni ya kipya nilichonunua. Mashine ya Mbaruku haijawaka tangu siku hiyo.

"Shikamoo," nakiambia. Sijui kwa nini nilikiamkia.

"Marahaba. Mimi na huyo uliyeniweka naye hatuelewani. Yeye anakimbia, mimi natembea. Tukigongana unasema tumeganda."

"Kumbe ubovu ni wewe!"

"Nitoe, uone."

Nanyoosha mkono, halafu naurudisha. Nikikitoa kompyuta yangu itakuwa nzito. Wallahi nilifikiri hivyo, mbele ya kofia ya kaka yangu.

"Sikutoi," nasema.

"Basi toka wewe. Umebaki peke yako."

Nakwenda mlangoni. Mlango umefungwa kwa skrubu nne, na zimekazwa kutoka nje. Nasikia feni anawaambia watu wangojee. Nikaganda mimi. Kidole hakiendi, kope haifungi, pumzi imesimama kooni, na akili inaona kila kitu. Sijapata kuogopa vile.

Mama anaingia. Mikono yake ina unga. Ananitazama usoni, anaweka dole gumba katikati ya paji la uso wangu, anabonyeza.

Nataka kusema, "Mama, ni mimi." Kinywani mwangu inatoka pi, pi, pi.

Anabonyeza tena. Pi, pi, pi.

Anawageukia walioko nje, anasema kwa sauti yangu mimi, ileile niliyomwambia nayo, "Ndiyo hivyo. Imekufa na mwenyewe." Ananifunika kanga.

Nikaamka. Kumekucha, umeme umekatika, kompyuta yangu kimya. Mama amesimama mlangoni, ametoka kukanda mandazi.

"Umeisikia?" akaniuliza.

"Nini, mama?"

"Mashine ya kakako. Imelia, wala sijaigusa. Nimekwenda kuitazama, nakuta umeme wenyewe haupo tangu alfajiri." Akajifuta unga kwenye kanga. "Halafu mlio ulitokea huku kwako."

Nikajishika paji la uso. Vidole vikarudi na unga.

"Mama, umeingia humu nilipolala?"

"Niingie kufanya nini? Ndiyo kwanza nafika mlangoni."

Nikakaa kitandani. "Mama, ile mashine haikufa. Nilitoa kitu ndani yake. Nimekichomeka kwenye yangu."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi angenitukana.

"Najua," akasema. "Siku ya tisa nilikuwa napita, mlango ulikuwa wazi. Unafikiri kila asubuhi nilikuwa naibonyeza ili asikie nani?"

Akafungua pindo la kanga, akatoa bisibisi, akanikabidhi.