Tajiri wa Makufuli

Rafu zilikuwa tupu, zimebaki na alama za vitu: miviringo palipokaa makopo ya rangi, mistari palipolala misumeno. Mwenye duka alizipitisha kitambaa taratibu, kama vile kuna mteja anayemtazama. Mteja hakuwapo. Waliokuwapo ni binti yake, ameketi juu ya kreti mlangoni, na mfanyakazi wake wa miaka mingi, mtu mwembamba aliyebandikwa jina la Bawaba kwa kuwa ndiye aliyefungua na kufunga mlango ule.

"Tajiri, haya makufuli yaliyobaki niyatie boksi gani?" Bawaba aliuliza.

"Hilo dogo. Yenye kutu weka kando, tusije tukamuuzia mtu lawama."

Binti alitabasamu. Kazi yake ilikuwa kuhariri kamusi, na jopo lao lilikuwa limefika herufi ya T. Walitaka kufuta maana ya pili ya tajiri: mwenye duka, au bosi, kama anavyoitwa na anayemfanyia kazi. Mwenyekiti, mtu mchoyo wa wino, alishikilia kwamba maana isiyo na msemaji haistahili nafasi. Kesho wangeamua.

Alimweleza baba yake habari hiyo. Neno lilitoka kwenye Kiarabu, alisema, na huko lilimaanisha mfanyabiashara tu, mtu anunuaye na kuuza. Maana ya utajiri ilikuja baadaye, watu walipoona fedha zinalala kwa nani.

"Kumbe zamani hata mwenye rafu tupu alikuwa tajiri?" baba aliuliza. "Basi mimi kosa langu ni kuchelewa kuzaliwa."

Bawaba alicheka mpaka akakohoa.

Ni binti aliyeshikilia duka lifungwe. Magoti ya mzee yalikuwa yamechoka, wateja walikuwa wamehamia maduka makubwa yenye viyoyozi, na nyumbani kwa binti chumba kilikwisha kuandaliwa, kitanda kimetandikwa, dirisha linatazama uani. Aliona anamtua baba yake mzigo. Baba alikubali kwa shingo upande, tena kwa sharti kwamba funguo zikae mfukoni mwake mpaka atakapoamua mwenyewe kuzitoa. Mwenye jengo alikuwa akizisubiri tangu asubuhi, na zilikuwa bado mfukoni.

Bawaba alifunga boksi la mwisho, akajifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa amepata kazi kwenye ghala la saruji. Alimpa mzee mkono, akaongeza na wa pili, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Haya mzee, Mungu akutunze. Nikipata nafasi nitakuja kukusalimia."

Alisema kwa heshima zote, wala hakujua kwamba amelibadilisha lile neno alilomwitia miaka yote. Baba aliushika mkono ule kidogo zaidi ya kawaida.

"Nenda, Bawaba. Ukamfanyie kazi vizuri tajiri wako."

Walimsikiliza akiondoka, viatu vyake vikiburuta kwenye changarawe. Binti aliona haya, haya hasa, ile inayochoma masikio. Alikuja kumtua mtu mzigo, na sasa alihisi kama amemvua nguo mbele za watu.

"Baba, kama hutaki, tuache. Tusifunge."

"Tusifunge ili nimuuzie nani?" Mzee alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka kwenye kaunta. "Na nani ataniita? Wewe?"

Binti alijaribu. Neno alilokuwa amelihariri wiki nzima halikumtoka, maana hajawahi kuwa mfanyakazi wa mtu huyu. Alikuwa mtoto wake, aliyelishwa na duka hili bila kuagizwa kufagia hata siku moja.

Mzee alitoa funguo, akamwekea kiganjani, akamfunga vidole kwa mkono wake.

"Twende, tajiri," alisema. "Kwako watu huamka saa ngapi? Nisije nikachelewa siku ya kwanza."

Aliuliza kwa mzaha, na binti alicheka kwa sababu ndivyo mzaha unavyotaka. Njia nzima mzee hakugeuka kutazama nyuma. Aliuliza tu mambo ya nyumba: taa ya uani huzimwa na nani, redio inaruhusiwa mpaka saa ngapi, kiti kipi kina mwenyewe.

Kesho yake jopo lilikutana. Mwenyekiti alifungua ukurasa, akalamba ncha ya kidole.

"Tajiri, maana ya pili. Kuna anayeitumia bado, au tunaifuta?"

"Yupo," binti alisema. "Baba yangu."

"Humwita nani?"

Kalamu ya mwenyekiti ilikuwa inangoja.

"Ananiita mimi."

Mjumbe aliyeketi karibu na dirisha aliangua kicheko, akampigapiga begani.

"Hongera!" alisema.