Pumzi Ndani ya Nyasi

Nyasi zilikuwa zimelala mteremkoni zikikauka, nami sikutaka mtu yeyote azifukie.

Huku Matiri kazi ya ngoro, mashimo yetu ya kulimia mlimani, imegawanywa tangu zamani. Mwanaume anafyeka nyasi na kuzipanga kwa mistari inayokatana, mpaka mlima unakuwa miraba mitupu. Mwanamke anachimba katikati ya kila mraba, anazifukia nyasi kwa udongo, na juu yake anapanda maharage. Ya kwangu niliimaliza. Wa kufukia alikuwa mke wangu, Notburga, naye tulimzika Januari. Alikufa akitafuta hewa. Zahanati ilikuwa na mtungi mrefu wa hewa, umepakwa rangi vizuri, ndani mtupu. Siku ya kuupokea wakubwa walipiga nao picha. Wa kuujaza sijamwona mpaka leo.

Jirani yangu Kunigunda alikuja na wenzake, majembe begani, wakasema watanisaidia maana msimu wa maharage unapita. Nikawakatalia. Wakadhani ni kiburi.

Kilichonizuia ni neno la binti yangu Flavia, anayefundisha sayansi Lituhi. Alipokuja kwenye arobaini ya mama yake tuliketi ukingoni mwa shamba, ukungu ukipanda kutoka upande wa ziwa, nikamuuliza hewa anayoitoa mgonjwa inakwenda wapi. Akasema majani yanaivuta. Jani lina vijitundu ambavyo jicho halivioni, na ile hewa ya ukaa tunayoitoa inaingia humo. Mizizi inaleta maji, jua ndilo moto wa jiko, na jani linapika sukari. Sukari hiyo ndiyo inayojenga shina, punje, kila kitu. Unyasi mkavu, alisema, umejengwa kwa hewa kuliko kwa udongo. Na wakati wa kupika, jani linatoa nje hewa safi.

Hewa safi. Mlima mzima, bure, bila mtu kukata utepe.

Tangu siku hiyo nikawa namwona. Notburga amekaa pale pale ukingoni, kama mwaka jana tulipoliacha shamba lipumzike, anahema kwa shida. Pumzi yake inatoka kama moshi mwembamba, inateremka, inaingia kwenye nyasi taratibu, na nyasi zinarefuka bila sauti. Nikaokota shina moja nikalitafuna. Kulikuwa na utamu, mbali sana, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya bonde. Sasa nimwache mtu amfukie mara ya pili?

Mtendaji wa kijiji, Mansuetus, akapita na pikipiki yake. Akasema shamba likiendelea kulala atampa mwenye nguvu. Nikamwambia alete kwanza mtungi uliojaa, ndipo tuzungumze habari za nguvu. Akaondoka. Lakini niliogopa, maana hao wakisema kunyang'anya hawachelewi.

Jioni nikampigia Flavia, nikamweleza yote.

"Baba, siwezi kukudanganya," akasema. "Upepo unachanganya. Pumzi ya mama ilikwenda kwenye nyasi zako, ikaenda na kwenye mihogo ya watu Lundo. Ukiziacha juu zitaungua au zitaoza, zitarudi kuwa hewa, upepo utaichukua. Ukizifukia zitaoza polepole, hewa itatoka udongoni, na jani la harage litakuwa hapo hapo juu yake."

"Litaivuta?"

"Kiasi, baba. Kiasi tu."

Wakubwa wametuzoeza kuahidiwa vyote. Huyu aliniahidi kiasi, nikamwamini.

Asubuhi nikashika jembe. Kunigunda akaniona kutoka shambani kwake.

"Baba Flavia, umeolewa lini?"

Wenzake wakacheka. Nikamjibu nimeolewa na serikali, ndiyo maana nalima peke yangu. Wakacheka tena, safari hii pamoja nami.

Shimo langu la kwanza lilikwenda upande kama nyumba ya mlevi. Kunigunda akateremka, akasimama bila kugusa nyasi hata moja, akaniambia udongo niutupe pande zote nne, la sivyo mvua itaubeba. Nikautupa pande zote nne. Nyasi zikapotea chini yake.

Nikasimama nikihema. Kulikuwa na baridi, pumzi yangu ikaonekana. Ikaelea juu ya majani mabichi ya ukingoni, ikapungua, mpaka sikujua tena kama ni yangu. Nikasogea kwenye mraba wa pili.