Sefu Moja, Nyumba Mbili

Wezi walipoingia nyumbani kwa Biubwa pale mtaa wa Bertrams, jua lilikuwa halijazama sawasawa. Ilikuwa Juni ya mwaka 2016, Ramadhani imeangukia kwenye baridi kali, naye alikuwa jikoni anaandaa futari. Walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa na bastola. Alimwekea Biubwa mdomo wa bastola sikioni akamwambia kwa Kizulu avue bangili. Biubwa alivua sita. Ya saba ikagoma, ikabidi aupake mkono mafuta ya kupikia, na muda wote huo chuma kiko sikioni. Walichukua dhahabu, televisheni na marobota mawili ya vitenge vya dukani kwake, wakatoka kwa mlango wa mbele kama wageni.

Mumewe, Salum, alikuwa fundi wa magiaboksi na karakana yake ilikuwa Jeppestown. Alifika akamkuta mkewe ameketi sakafuni, mikono inang'aa mafuta. Wiki hiyohiyo alileta mafundi wakafunga geti la chuma, nondo madirishani na king'ora. Kisha akasema, "Nitanunua bastola."

Neno hilo lilimwingia Biubwa kuliko geti na king'ora vyote kwa pamoja. Mtu akikufungia geti amefanya lililo lazima, lakini akisema yuko tayari kusimama kati yako na mwenye silaha, hilo ni jingine. Na Biubwa alikuwa na kiu ya neno kama hilo. Miaka mitatu kabla ya hapo Salum alikuwa ameoa mke wa pili, Sumaiya, msusi kutoka Temeke, mdogo kwa Biubwa kwa miaka kumi na minne. Alimpangishia mtaa wa Bellevue, ndani ya nyumba kubwa ya zamani iliyokatwakatwa vyumba. Usiku mmoja huku, usiku mmoja kule, kama dini inavyotaka. Biubwa alikubali kwa mdomo, lakini kila Salum alipotoka na kibegi chake, alibaki akifuta meza ambayo alikuwa ameshaifuta.

Kwa hiyo bastola aliichukua kuwa yake. Salum alikuwa na ukaazi wa kudumu, sheria ilimruhusu kuomba. Alijiandikisha darasa la kumiliki silaha, akarudi na kitabu, na zile jioni za zamu ya Biubwa waliketi pamoja, mke akiuliza na mume akijibu.

"Risasi unaruhusiwa kuweka ngapi?"

"Mia mbili, si zaidi."

"Ukitoka nyumbani?"

"Naivaa mwilini isionekane, au naifungia kwenye sefu na ufunguo naondoka nao."

Alifaulu. Alichukuliwa alama za vidole, akangoja miezi kadhaa cheti cha kufuzu, ambacho hutangulia leseni, na Machi mwaka uliofuata kikatoka. Jumamosi moja asubuhi walivaa vizuri, wakaenda dukani kuchagua.

Muuzaji alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, kijana mnene mwenye miwani, anaitwa Parfait. Aliposikia Kiswahili alifurahi kama amekutana na ndugu. Akatandika kitambaa cha kijani juu ya kioo na kuweka bastola mbili, moja pana na nyeusi, nyingine fupi, ya silinda, yenye mpini wa mbao.

"Hii kubwa inabeba risasi kumi na tano," alisema. "Muzuri sana, lakini inataka mazoezi. Lazima uikoki, na kama hauikamate na nguvu, inaweza kukwama. Hii ndogo inabeba tano tu. Lakini haina mambo mingi. Unavuta, inalia. Hata ikae mwaka ndani ya sefu, siku unaihitaji itafanya kazi."

Salum aliitazama ile kubwa kwa tamaa ya fundi. Alipima uzito wake, akavuta kile kifuniko cha juu kikarudi kwa mlio mzuri. Biubwa hakuipenda. Ilifanana na ile ya sikioni.

"Chukua ya silinda," alisema.

"Mama, shika mwenyewe usikie," Parfait akamwambia, baada ya kufungua silinda na kumwonyesha kwamba ni tupu. "Leseni itakuwa na jina ya baba peke yake, lakini si mbaya ujue uzito yake."

Biubwa aliishika. Mpini ulikuwa mdogo, kidole chake cha mwisho kilining'inia nje. Mikono yake ilikuwa minene, mikono ya mtu aliyekanda unga na kubeba marobota tangu utoto. Salum alitazama akatikisa kichwa taratibu.

"Inafaa," alisema. "Hata mwenye vidole vyembamba ataiweza."

Biubwa alisikia lile neno likipita, akaliacha lipite. Labda alikuwa anasema tu.

Zikaja risasi. Parfait aliweka mbili wima kwenye kitambaa. Moja ilikuwa na kichwa cha mviringo kilichofunikwa shaba. Nyingine ilikuwa na tundu kichwani, kama jino bovu.

"Hii ya mviringo ni ya mazoezi, bei chini," alisema. "Lakini inatoboa. Inapita mtu, inapita na kile kiko nyuma yake. Hii ya tundu ikiingia inafunguka, inasimama mule ndani. Sasa, kuta ya nyumba yenu iko ya nini? Matofali ao mbao?"

"Mbao," Salum alisema bila kufikiri. "Mbao nyembamba, jirani akikohoa unamsikia."

"Basi chukua ya tundu, baba. Ile ingine itaenda kuua mtoto wa jirani kitandani."

Salum aliitikia, akauliza la pili, la tatu. Biubwa hakusikia tena. Nyumba yao ilikuwa ya matofali mekundu, ya tangu enzi za wazungu, na kuta zake zilikuwa nene hivi kwamba simu haikushika vizuri chumbani. Alirudisha ile bastola juu ya kitambaa, akaipangusa alama za vidole vyake kwa ncha ya mtandio.

Walipofika na gari kwenye robot ya kwanza, zile taa za barabarani, ilikuwa nyekundu.

"Nyumba yetu ni ya matofali," Biubwa alisema.

Salum alikaza macho kwenye taa.

"Nimekaa humo miaka kumi na moja, Salum. Mbao iko wapi?"

"Sheria inataka sefu moja, anwani moja," alisema hatimaye. "Siwezi kugawa."

"Wezi walikuja kwangu."

"Najua."

"Sikio lilikuwa langu."

"Najua, mke wangu. Ndiyo nikakufungia geti, nondo, king'ora. Kule kuna nini? Mlango wa mbele wanaupita watu ishirini."

Taa iligeuka kijani na gari la nyuma likapiga honi. Biubwa hakusema tena mpaka nyumbani, wala siku iliyofuata, na Salum, aliyemjua, alitamani kama angepiga kelele.

Bastola yenyewe, ingawa ilishalipiwa, ilibaki dukani kungoja leseni, lakini kwa Biubwa ilikuwa imeshafika Bellevue. Aliiona ndani ya kabati la Sumaiya, katikati ya khanga zilizofukizwa udi. Geti lililinda nyumba, na kwenye nyumba huingia kila mtu. Fundi wa geti hata hakumjua jina. Lakini bastola inalazwa pale ambapo mwanamume ameamua kwamba kilichomo hakipotei. Na yeye ndiye aliyemsomesha! Kila swali la kile kitabu alilouliza kwa mdomo wake, alimuulizia mwenzake.

Jumanne moja asubuhi Salum alipitia dukani kwa Biubwa akitokea Bellevue. Kwenye nyusi zake na nyuma ya masikio kulikuwa na vumbi jeupe la plasta.

"Umetoka kutoboa ukuta?"

"Ule wa nje, wa matofali. Mkaguzi atakuja kuona kama sefu imefungwa vizuri."

Alikunywa chai akaondoka. Biubwa alibaki na lile vumbi machoni. Alimwona amepiga magoti na drili, na yule wa Temeke amemshikia tochi, kisha akampuliza vumbi usoni huku wakicheka. Nani asingecheka? Lakini hakumpuliza vizuri, akamwacha aje na masalia.

Saa tano akaingia sajenti wa kike, mwenye jalada kwapani. Alitoka kitengo cha silaha. Alisema kwamba kabla ya leseni ni lazima wazungumze na mke, ni kawaida, maswali machache tu.

"Mumeo anakunywa pombe?"

"Hajawahi."

"Ana madeni na watu, ugomvi na watu?"

"Hapana."

"Je, aliwahi kukupiga? Kukutisha? Kukurushia kitu?"

Ilikuwa rahisi kusema hapana, kwa sababu jibu lilikuwa hapana. Biubwa alitazama stuli aliyokalia Salum; kulikuwa na unga mweupe kidogo ukingoni.

"Aliwahi kunirushia spana," alisema.

Kalamu ya sajenti ikasimama. "Kubwa?"

"Kumi na saba."

Alijua namba kwa sababu aliyeirusha ni yeye. Ilikuwa jioni ile Salum alipomwambia kwamba ameoa Bellevue. Aliiokota kwenye sanduku lake la vyombo, ikampata chini ya bega na kumpasua, na Salum aliwaambia watu wa hospitali kwamba jeki iliteleza. Hakulisema tena jambo lile.

Sajenti aliandika, akampa karatasi asaini, akampa na namba ya simu ya akina mama wanaopigwa. Biubwa aliikunja ile namba, akaificha chini ya mizani. Jioni hiyo alipika pilau, na hakuweza kula.

Barua ilikuja Septemba. Salum aliisoma mezani, akairudia, kidole kikifuata mistari. Maombi yamekataliwa.

"Wameandika kuna vurugu nyumbani," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kwamba nilikurushia spana."

Biubwa alikuwa anachambua mchele.

Salum alifungua vifungo viwili vya shati, akashusha ukosi. Kovu lilikuwa refu kama kidole, limepauka. "Kumi na saba," alisema. "Hata namba umewapa."

"Ungeniwekea mimi hiyo bastola, nisingesema."

"Wewe?" Alicheka, lakini uso haukufuata. "Biubwa, unadhani kwa nini niliipeleka kule? Siku ya kwanza darasani mwalimu alituuliza: nyumbani kwako yupo mtu ambaye, akikasirika, hungependa awe karibu na hiki kitu? Wenzangu walikuwa wanawaza watoto wao. Mimi nilikuwaza wewe, jioni ninazotoka na begi."

"Kwa hiyo unaniogopa."

"Wezi walikuja mara moja. Wewe nalala na wewe."

Mchele ulisimama mkononi. Lilimchoma, lile jibu, lakini pamoja na uchungu kuna kitu kingine kilipanda kifuani, kidogo, kama fahari, naye akakionea aibu palepale. Miaka yote hii alijiona ameachwa pembeni, kumbe mtu alikuwa anampangia mambo yake yote kwa kumkwepa.

"Nitakwenda kituoni," alisema. "Nitaapa kwamba nilidanganya. Una siku tisini za kukata rufaa."

"Uape nini? Kwamba anayerusha ni mke wangu? Wampe bastola mtu anayelala na mrushaji?" Alifunga vifungo. "Acha. Nimechoka na karatasi."

Hakukata rufaa. Duka lilimrudishia fedha zake, na kabla mwezi haujaisha Parfait alimpigia kumwambia kwamba ile ya silinda imeshapata mwenyewe, mama mmoja wa duka la dawa. Biubwa alisikia habari hiyo akapumua. Kule Bellevue sasa kulikuwa na sefu tupu ukutani, basi. Kwa wiki mbili alikuwa mchangamfu, akaimba dukani.

Alhamisi ya wiki ya tatu Salum alimaliza kula, akanawa, akasema, "Sumaiya anahamia chumba cha nyuma. Jumamosi."

"Chumba kipi cha nyuma?"

"Cha hapa. Kule wiki iliyopita wezi wameingia vyumba viwili, chini yake. Hana geti, na bastola sina. Hapa kuna kila kitu." Alijifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole. "Na kwa kuwa bastola haipo, siogopi tena kuwaweka pamoja."

Kila neno la kukataa aliloliendea Biubwa, alikuta ameshalitia saini mbele ya sajenti.

Jumamosi bakkie, pikapu ya kukodi, ilisimama getini na godoro, mabegi matatu na kiti cha kusukia. Sumaiya alishuka. Kwa karibu alikuwa mdogo kuliko Biubwa alivyomkumbuka, amekonda, chini ya macho ana weusi wa mtu asiyelala. Alikuja moja kwa moja, akainama, akaushika mkono wa Biubwa kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, bi mkubwa. Ameniambia wewe ndiye uliyesema nisibaki kule peke yangu. Nisamehe. Mimi nilikuwa nakudhania vingine kabisa."

Biubwa alimtazama Salum juu ya kichwa cha yule binti. Salum alikuwa ameshughulika mno na kamba ya godoro.

"Marahaba," Biubwa alisema. Mkono wake ulikuwa bado umeshikwa. "Chumba kina baridi upande wa dirisha. Kitanda weka huku."

Aliingia jikoni, akaongeza mchele vikombe viwili. Akiwa anauosha, akasikia drili ikianza kunguruma chumba cha nyuma, na sauti ya Sumaiya ikisema juu kidogo, hapo, hapohapo. Alikuwa anamfungia rafu. Biubwa alikuwa akiomba rafu ya masufuria tangu mwaka juzi.

Alifunga bomba la maji, akajifuta mikono.

"Salum!" aliita. "Ukimaliza huko, uje na huo mtambo huku!"