Kiti cha Pak Wignyo

Katika mji mzima wa Malang, kisiwani Java, hapakuwa na kitu kilichomkera Tarmuji kama kiti cha mbele cha abiria katika gari la Pak Wignyo (Pak kwao ni Mzee). Wote wawili walikuwa mafundi wa viti vya magari. Kazi walijifunza kwa bwana mmoja, kisha wakaachana, kila mtu na banda lake. Wateja wakamfuata Wignyo. Huyo alikuwa na ujanja wake: mteja akifika, humkalisha kwanza kwenye kiti hicho, ndani ya Corolla yake kuukuu, akamwacha hapo dakika mbili tatu. Mteja akitoka, ameshakubali kazi. Miaka ishirini Tarmuji alisikia sifa za kiti hicho, sokoni, msikitini, hata matangani. Kila aliposikia, roho ilimuuma, wala hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Ulikuwa wivu, tena ule wa kumnyima mtu usingizi.

"Ila viti anavyotushonea sisi havikifikii hicho chake," watu walizoea kuongeza. Sehemu hiyo Tarmuji hakuisikia kamwe. Mwenye wivu husikia anachotaka.

Sasa gari lenyewe limemjia mlangoni. Endang, binti wa Wignyo, aliliegesha mbele ya banda Jumatatu asubuhi.

"Pak, mikono ya baba inatetemeka, hawezi tena kushika sindano," alisema. "Anaomba uvue kila kitu ndani, viti, vifuniko vya milango, kapeti, kitambaa cha dari, uvishe upya. Ijumaa nampeleka Surabaya kwa daktari wa mgongo."

"Si mpande treni, Nduk, mwanangu?"

"Mgongo wake haukubali kukaa pengine, ni kwenye kiti chake tu. Halafu, Pak, hicho kiti vua ngozi ya juu peke yake. Ndani usiguse. Kasisitiza mara mbili."

"Mara mbili?"

"Mara tatu, kusema kweli."

Endang alipoondoka, Tarmuji alilizunguka gari akicheka kwa pua. Ndani usiguse! Basi siri imo humo ndani.

Alianzia nyuma, maana kiti cha nyuma ndicho chepesi. Alikisukuma kwa goti hadi kikaachia vishikizo vyake, akakinyanyua. Chini palikuwa na kitana, sarafu za zamani na ganda la karanga. Milangoni alipitisha kitambaa nyuma ya mkono wa kupandishia kioo, akakivuta huku na huku mpaka kibanio chake kikaruka, kisha akabandua kifuniko taratibu kisivunjike. Skrubu za kila mlango alizitia katika kopo lake la maziwa. Alitafuta kasoro, hata mshono mmoja uliopinda, ili angalau apate cha kumsimulia mkewe. Hakupata. Alichoona ni kwamba chini ya rangi nyeupe gari liliwahi kuwa la kijani, na hilo halikumhusu.

"Hata uzi mmoja hakukosea, mjeuri huyu," alinong'ona, kijicho kikazidi kumchoma.

Kiti chenyewe cha abiria alikiacha mwisho. Bolti zake nne zilikuwa zimeshikwa na kutu. Alizimwagia mafuta, akanywa kahawa, akarudi na spana. Kiti kilipotoka alikiweka juu ya meza, akakata vibanio vya waya kimoja kimoja, akaivua ngozi. Chini yake akakuta kitambaa kingine, cha zamani, chenye mistari.

Tarmuji alikibinya kwa kidole. Halafu akatoka nje mbio.

"Njooni! Njooni mumwone fundi wenu!"

Cak Sapari, yaani Kaka Sapari, muuza supu ya bakso, matonge ya nyama, aliacha mkokoteni wake. Majirani wawili watatu wakamfuata.

"Mnaona? Kavisha kanzu mpya juu ya kanzu chafu! Cha zamani hakukivua. Hata mwanafunzi wa wiki moja hafanyi hivi!"

"Lakini kinakalika, Pak," alisema Sapari. "Mimi nilishakikalia. Nusura nilale."

"Ulikalia takataka za mtu mwingine, Cak! Miaka ishirini mnamsifu kwa takataka!"

Alikuwa na furaha hata ikamlevya. Akalirarua lile tambara la mistari, akang'oa tabaka la usumba na gunia, springi zikaonekana, zimefungwa kwa kamba huku na huku, fundo kwa fundo.

"Tazameni mafundo yenyewe! Yamebanana utadhani mtu kafunga kuku wa kupeleka sokoni!"

Akachukua kisu. Akakata fundo la kwanza, la pili, akaendelea. Springi zikaruka, kila moja ikaelekea upande wake. Sapari alicheka, majirani wakacheka.

Lasmini, mkewe, alitoka kwenye cherehani kuona kelele za nini. Akainama juu ya kiti, akashusha miwani, akachomoa kitu kati ya vipande vya kamba. Ulikuwa uzi mwekundu.

"Mas," alimwambia mumewe, "huu uzi wangu."

Kicheko cha Tarmuji kilikatika. Enzi walipojifunza kazi kwa yule bwana, Lasmini akiwa msichana wa kushona vitambaa pale pale, Tarmuji alikuwa na mchezo mmoja. Akitengeneza kiti anachojivunia kweli, humwomba uzi mwekundu kwenye kikapu chake, akaufunga katika fundo la katikati, mahali ambapo hakuna mteja atakayeona. Alifanya hivyo mara tatu tu. Cha tatu kilikuwa cha daktari mmoja mwenye Corolla ya kijani.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," alisema Sapari, safari hii bila kucheka, akarudi kwenye mkokoteni wake.

Endang alirudi alasiri na furushi la tempe, mikate ya soya, kutoka kwa baba yake. Aliziona springi zilizosimama ovyo, akaweka furushi chini.

"Pak, nilikuambia."

"Kwa nini hakusema ni changu?"

"Alisema ukivua ngozi tu utakijua. Alisema mtu hasahau mkono wake." Machozi yalimlengalenga. "Tangu aliponunua gari hili kwa daktari mmoja, alijaribu mwenyewe kutengeneza kingine kama hicho. Hakuweza. Na Ijumaa zimebaki siku nne tu, Pak. Atakaa wapi?"

Tarmuji aliisukuma springi moja irudi mahali pake; ikaruka tena. Miaka ishirini alimwonea wivu kijana mmoja mwenye mikono myepesi, na kijana huyo alikuwa yeye. Sasa amemkatakata kwa kisu mbele za watu. Alitazama vidole vyake vinene vyenye baridi yabisi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliogopa.

Endang alipokwenda, Tarmuji alileta bunda la kamba mpya, akavuta kigoda.

"Bu," alimwita mkewe bila kuinua macho, "nipe uzi mwekundu."

Lasmini alikuwa ameshaurudisha kikapuni. Akakifunika.

"Funga springi kwanza," alisema. "Ukimaliza, nitakikalia mimi. Habari za uzi tutazungumza hapo."